Ng'ombe Aliyeandikwa Kwenye Wosia

Zizi lilikuwa tupu, na mlango wake ulikuwa umefungwa vizuri.

Hilo la pili ndilo lililomkera Inspekta Bénédicte. Tangu aanze kazi ya upelelezi mjini Uvira hakuwahi kumwona mwizi anayefunga mlango nyuma yake. Mwizi hukata kamba, huvunja ua, huacha kila kitu wazi na kukimbia. Huyu alikuwa amerudisha miti ya mlango mahali pake, mmoja juu ya mwingine, na kamba ya ng'ombe ilining'inia kwenye msumari wake kana kwamba hakuna lililotokea.

"Ng'ombe mmoja na ndama wake," alisema wakili, Maître Louise, akisimama mbali kidogo na samadi. "Jina lake Bihogo, kwa ajili ya wekundu wake."

"Ndama pia?"

"Wote wawili."

Bénédicte alichuchumaa. Alizaliwa Kalundu, karibu na bandari, na kama ungemuuliza habari za samaki, mukeke au ndagala, angekwambia hata saa waliyovuliwa. Ng'ombe hakuwajua. Lakini nyayo ni nyayo. Hizi zilitoka zizini taratibu, kubwa na ndogo sambamba, na pembeni yake kulikuwa na alama za viatu vya raba na vishimo vidogo vya ncha ya fimbo. Hakuna mahali ambapo ardhi ilikuwa imekwanguliwa. Mnyama hakuvutwa. Alitembea kwa hiari yake hadi barabara kuu ya Sange, na hapo magari na pikipiki yakafuta kila kitu.

Kwa kawaida polisi wa Uvira hawatumi inspekta Sange kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Maître Louise ndiye aliyembembeleza, akaja naye kwa gari lake mwenyewe, na njiani akaeleza kwa nini.

Ofisi yake ya mawakili ilikuwa ndogo, lakini jina lake lilijulikana toka Uvira hadi Kamanyola, kwa sababu kila wiki Louise alizungumza redioni. Alisoma habari za sheria: kesi iliyoamuliwa, kipengele kilichobadilishwa, haki ya mjane, haki ya mtoto. Kisha aliwafundisha watu kuandika wosia, au testama kama wanavyoiita huko. Wengi waliogopa. Walisema anayeandika testama anaita kifo chake. Louise hakuchoka kuwajibu: andika kwa mkono wako mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, weka tarehe, tia sahihi. Andika kila kitu chako, usiache hata kuku. Halafu waite watoto uwasomee, ili siku ya matanga pasiwe na mshangao wala ngumi.

Mtu wa kwanza kukubali pale Sange alikuwa Papa Venant, mkulima wa mpunga. Presha ilikuwa imemwangusha, akapona, akaogopa. Aliandika. Nyumba ibaki mkononi mwa mkewe Generose. Shamba wagawane Josée na Espoir. Bihogo na uzao wake ni wa Espoir. Aliwasomea watoto uani, majirani wakisikiliza, na kwa siku chache akawa mfano wa kijiji. Watu waliomwita mchawi wa kujiroga walianza kumwuliza bei ya karatasi.

Na sasa Bihogo hayupo.

Papa Venant aliwapokea chini ya paa la mabati, amevaa kofia yake ya Jumapili ingawa ilikuwa Alhamisi. Hakusubiri salamu ziishe.

"Maître, ulileta kalamu? Andika. Ule Espoir haiko mutoto wangu tena."

"Papa Josée, pole kwanza," alisema Louise, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa. "Sheria haikubali mtoto afutwe hivyo kama deni la dukani. Lazima kuwe na sababu nzito, na ithibitishwe."

"Sababu? Nilimusomea testama, akaona ngombe ni yake. Akashindwa kungoja nikufe. Akakuya kuichukua."

"Ulimwona?"

"Muchinjaji Nsengiyumva wa Uvira alimuona. Espoir alikwenda kumuuliza bei ya ngombe. Bantu ya soko banasema."

"Bei tu?" aliuliza Bénédicte.

"Mama Inspekta, muntu anauliza bei ya samaki bila njaa?"

Bénédicte alitaka kucheka, akajizuia. Mzee hakuwa akitania.

"Bon," Venant aliendelea, "kama sheria inakatala, minye iko na kinywa yangu. Siku ya Mungu, nyuma ya misa, familia yote itakuwa hapa. Nitamulaani mbele yabo."

Generose, mkewe, alishika kichwa. Josée, binti yao mkubwa, aliyekuwa akipepea mkaa jikoni, aliacha kupepea. Laana ya baba si maneno ya hasira. Huko uwanda wa Ruzizi kijana aliyelaaniwa hapati mke, hapati mtaji, hata abiria hapandi pikipiki yake.

"Hukumu ya mahakama ningeikatia rufaa," Louise alimnong'oneza Bénédicte. "Laana ya baba haina rufaa. Mimi ndiye niliyemwambia awasomee. Akimlaani mwanawe kwa sababu ya wosia, sitakuwa na uso wa kurudi tena huku."

"Basi tumpate mwizi kabla ya misa ya Jumapili," alisema Bénédicte.

Shida, kama kila mahali penye heshima, haikuzuia chai. Josée aliwaletea vikombe, chai ya maziwa, nzito na tamu. Bénédicte alikunywa nusu kabla hajakumbuka kazi iliyomleta. Akatua kikombe.

"Maziwa haya ni ya ng'ombe gani?"

Generose alishangaa swali. "Ya Bihogo. Kuko ingine?"

"Bihogo hayupo."

"Ni ya leo asubui."

"Nani alimkamua?"

"Josée."

"Hapana, Mama," alisema Josée toka mlangoni. "Ni weye uliikamua."

"Minye? Minye niliamuka nikakuta ndoo ku mulango ya jikoni, imejaa, imefunikwa na majani ya ndizi. Nikasema, leo mutoto ameniurumia."

"Na minye nilikuta unachemusha. Nikasema Mama amenitangulia."

Walitazamana. Kisha wote wawili walimtazama Papa Venant, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kugusa kiwele cha ng'ombe.

"Basi mwizi amekamua," alisema Bénédicte polepole. "Amekamua, ameleta ndoo mpaka mlangoni, ameifunika nzi wasiingie, amefunga zizi, amemchukua mama na mtoto wake, ameondoka."

Yeye mwenyewe alisikia jinsi maneno yale yalivyokuwa ya ajabu. Mwizi wa nyama hachukui ndama anayenyonya, anamchelewesha njiani. Na hakuna mwizi chini ya jua anayeacha kifungua kinywa.

"Papa Venant, kuna mtu wa hapa anayeweza kufanya hivyo?"

"Espoir anajua kukamua," alisema mzee, na akaugeuza uso.

Hasira haina macho. Bénédicte aliandika maelezo ya kila mmoja, akawaaga, wakarudi Uvira.

Mchinjaji Nsengiyumva alihojiwa mezani pake sokoni, panga mkononi, aproni imelowa.

"Espoir alikuja kwako?"

"Alikuya."

"Alikuuzia ng'ombe?"

"Hapana. Aliniuliza: ngombe jike, yenye kuzaa, ni bei gani. Nikamwambia. Akashika kichwa, akaenda."

"Alisema ni ng'ombe yupi?"

"Hakusema. Lakini minye nilisikia habari ya testama, bote balisikia. Nikasema mu roho, ule kijana anapima kaburi ya baba yake."

"Ukasema rohoni tu?"

Nsengiyumva alikohoa. "Na kwa bantu wawili, watatu."

"Leo umechinja ng'ombe mwekundu mwenye ndama?"

"Madame, angalia ngozi. Zote ni nyeusi na madoa."

Bénédicte alikagua ngozi zote, moja moja, akiziba pua. Zilikuwa nyeusi na madoa. Mchinjaji aliachiwa, pamoja na onyo kuhusu mdomo wake.

Espoir, aliyebeba abiria kwa pikipiki mjini Uvira, aliletwa kituoni jioni hiyo na waendesha pikipiki wenzake, waliomkuta akiingia mjini toka barabara ya kaskazini, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa kijana mrefu mwenye sauti kubwa, ile ya kuita abiria toka ng'ambo ya barabara. Mbele ya Bénédicte sauti hiyo ilikwisha.

"Jana usiku ulilala wapi?"

"Kwa rafiki."

"Jina la rafiki?"

Espoir alipangusa vumbi kwenye goti.

"Unajua kwa nini uko hapa?"

"Banasema niliiba ngombe ya Papa."

"Uliiba?"

"Hapana."

"Ulimwuliza Nsengiyumva bei?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Espoir alitazama sakafu. Bénédicte aliweka kalamu chini. Alishawaona watuhumiwa wengi wanaonyamaza kwa ujanja. Huyu alinyamaza kwa aibu, na aibu ina rangi yake.

"Sikiliza, Espoir. Jumapili baada ya misa baba yako atakulaani mbele ya ukoo mzima. Mimi ninaweza kumzuia, lakini si kwa kimya chako."

Kijana aliinua kichwa. Macho yalimlowa palepale, bila kujificha.

"Nilikuwa ku Kamanyola," alisema. "Kwa baba ya Chance."

"Chance ni nani?"

"Ni ule nataka kuoa." Alipangusa pua kwa mkono. "Papa alikuwa mugonjwa. Bashemeji balikuwa banasema, kama hautakuya sasa, iko mwengine. Nikaenda peke yangu kujisemea. Balitaka ngombe moja ao bei yake. Njo maana nikauliza Nsengiyumva. Jana nikawapelekea jibu ya kama sina, bangoje. Pikipiki ikanikufia kule, nikalala."

"Na hilo ndilo ulilokuwa unaficha?"

"Madame, weye unajua. Mutoto hajisemeye mahari mwenyewe. Ni baba na bakubwa benye kwenda. Papa akisikia nilikwenda bila yeye, ni kama nimesema amekwisha kufa. Afazali aniite mwizi."

Bénédicte alipiga simu Kamanyola. Kituo cha kule kilimtuma mtu hadi kwa baba yake Chance, na jibu lilirudi kabla chai haijapoa: kijana alikula kwao, alilala kwao, aliondoka mchana akisukuma pikipiki. Alipokuwa akilala Kamanyola, ng'ombe alikuwa akikamuliwa Sange. Ushahidi wa namna hiyo hauna tundu.

"Nakuachia," alisema. "Habari ya Kamanyola ni yako kumwambia baba yako, na bila ng'ombe hataniamini. Basi nisaidie. Bihogo anakubali kukamuliwa na mtu yeyote?"

Espoir alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Bihogo? Inapiga teke. Hata minye inanichagua siku. Inakubali Mama, inakubali Josée." Akafikiri. "Na muzee Rugema."

"Rugema ni nani?"

"Rafiki ya Papa, kule mulimani juu ya Sange. Njo yeye, ni yeye mwenyewe alitupatia. Ile ngombe ni mujukuu ya ngombe yake. Akikuya, anaiita tu, inakuya kumulamba mukono."

Maître Louise, aliyekuwa ameketi pembeni kama wakili wa kijana, alifungua mkoba akatoa nakala ya wosia. Aliisoma, akaisoma tena.

"Hapa imeandikwa 'ng'ombe wangu Bihogo'," alisema. "Nilimuuliza Venant kila kitu. Ukubwa wa shamba, mipaka, majirani. Kuhusu ng'ombe sikumuuliza ametoka wapi."

"Kuna tofauti gani?"

"Kwa sheria ya nchi, hakuna. Ni mali yake." Louise alivua miwani. "Kwa watu wa kule, sidhani."

Jumamosi Bénédicte na Louise walipanda mlimani kwa Rugema. Gari lilifika mwisho wa barabara, kisha miguu ikachukua kazi. Bénédicte alihema, akalaani viatu vyake, akasimama kila mara kwa kisingizio cha kutazama nyuma. Uwanda wote ulikuwa chini yao: mashamba ya mpunga, mto Ruzizi unaopinda-pinda, na mbali kusini ziwa, bluu, tulivu. Alikiri mwenyewe kwamba hakuwa na haraka ya kufika.

Ng'ombe hakuwa amefichwa. Alikuwa akila majani mbele ya nyumba, mwekundu aliyekolea, ndama akimgonga ubavu. Mzee mwembamba mwenye fimbo ndefu na viatu vya raba alikuwa amesimama karibu naye.

"Bwana asifiwe," alisema mzee. "Mumechelewa."

"Wewe ni Rugema?"

"Ni minye."

"Ng'ombe huyu ni nani?"

"Bihogo."

"Ulimtoa wapi?"

"Kwa Venant. Mbele ya jua kutoka."

"Ulimwomba?"

"Hapana."

"Ulimkamua?"

"Sasa nitaacha nyumba ya rafiki yangu bila maziwa? Minye iko muntu gani?"

Bénédicte alikuwa amejiandaa kwa uongo. Hakujiandaa kwa hili. "Mzee, hilo kwa sheria linaitwa wizi."

"Kwa sheria yenu. Weye ni nani?"

"Inspekta wa polisi."

Rugema alimtazama, kisha akamtazama Louise, kisha akatazama njia nyuma yao, mbali hadi kwenye kona, kama mtu anayehesabu wageni na kukuta mmoja amepungua.

"Venant alitumaka polisi?" aliuliza. "Yeye mwenyewe hakukuya?"

"Hajui kama ni wewe. Anafikiri ni mwanawe, Espoir. Kesho baada ya misa atamlaani."

Fimbo ilianguka. Mzee hakuiokota, Louise ndiye aliyeiokota. Rugema aliingia ndani, akatoka amevaa koti, akamwita mtu kwa lugha ya kwao amwangalizie nyumba.

"Tushuke," alisema.

"Nataka kwanza kujua kwa nini."

"Nitasema pale, mbele yake. Tushuke, Mama. Mutoto ya muntu atalaaniwa juu yangu."

Walilala kwa ndugu yake chini ya mlima, na asubuhi walitembea mwendo wa ndama, ambao si mwendo wa mtu mwenye haraka. Bénédicte alijaribu kumsukuma yule mdogo, akapigwa teke. Rugema alimwomba radhi kwa niaba ya ndama.

Misa ilikuwa imekwisha walipofika. Ukoo ulikuwa umejaa uani, viti vyote vya plastiki vya mtaa vimeazimwa. Espoir alikuwa amesimama katikati, mikono nyuma, amekuja mwenyewe bila kuburutwa. Generose alikuwa akilia. Papa Venant alikuwa tayari amevua kofia, na mtu anayevua kofia ili aseme juu ya mtoto wake hasemi mambo madogo.

"Espoir," alianza, "minye nilikuzaa..."

Bihogo alilia toka barabarani. Alijua kwao.

Watu waligeuka wote pamoja. Rugema aliingia uani, ng'ombe nyuma yake bila kamba, ndama nyuma ya ng'ombe, na nyuma ya wote inspekta mwenye vumbi na wakili mwenye fimbo isiyo yake.

"Venant, nyamaza," alisema Rugema. "Njo minye."

"Weye nini?"

"Njo minye nilichukua ngombe. Mutoto hakuiguse."

Venant alimtazama Rugema, akamtazama ng'ombe, akamtazama mwanawe.

"Inspekta," alisema Rugema, "andika. Nilishuka kuona rafiki yangu, juu ya kusikia aligonjwaka. Nikafika ku soko ya Sange. Bantu banacheka, banasema: Rugema, ngombe yako imeingia mu testama, kijana ataiuza kwa muchinjaji. Nikalala kwa bantu, sikulala vizuri. Asubui nikakuya hapa, mulikuwa munalala. Nikaita Bihogo. Ikakuya. Nikaikamua, nikaacha maziwa, nikaenda nayo."

"Sababu?" aliuliza Bénédicte.

Rugema hakumjibu yeye. Alimgeukia Venant.

"Ile mwaka ya jua kali, ngombe zangu zilikuwa zinakufa. Uliniachia nilishe mu mashamba yako, ulikuwa umevuna. Bantu balikukatalia, weye ukaniachia. Nikakupatia mutamba. Tulisemaka nini?"

Venant alijibu kwa sauti ndogo. "Haitauzwa, haitachinjwa, haitapewa muntu, mupaka tusemezane."

"Na muntu akikosea?"

"Mwenye kukosewa anachukua ngombe. Mwenye kukosa anamufuata, banasemezana, anarudi nayo."

"Ile wakati ulichinja ndume bila kuniambia, nilichukua mama yake. Ulifanya nini?"

"Nilipanda." Venant karibu atabasamu. "Na kreti ya Fanta ku kichwa, juu ya weye ni mulokole, haunywe pombe."

Watu wawili watatu walicheka, wakajizuia.

"Sasa nimechukua tena," alisema Rugema. "Nimekaa ku mulango, naangalia njia. Nimesema leo atakuya. Kesho atakuya. Venant, uliandika nyumba, uliandika shamba, uliandika ngombe. Minye haukuniandika, haukuniambia. Nikasema, rafiki yangu anapanga kufa, na hata kuniaga ameshindwa. Haikuwa ngombe nilitaka. Nilitaka unifuate. Badala yako nikaona polisi."

Bénédicte aliacha kuandika. Katika mafaili yake ya wizi hapakuwa na mahali pa kuandika sababu kama hiyo.

Venant alitafuta kiti, hakukipata, akabaki amesimama.

"Rugema, radio ilisema andika kila kitu yako," alisema. "Nikaandika. Niliogopa kufa, nikasahau kusemezana. Na ngombe ilipopotea... ndoo ya maziwa ilikuwa ku mulango. Muntu wa kwanza kuijua alipaswa kuwa minye. Sikuiangalia. Nilikuwa nakasirika."

"Kosa ni langu pia," alisema Maître Louise, mbele ya wote, na hakuna aliyetarajia wakili aseme hivyo. "Nilikufundisha kuandika ulicho nacho. Sikukuuliza kila kitu kilifikaje kwako. Wosia unaweza kubadilishwa wakati wowote ukiwa hai, Papa Josée. Tutaandika upya. Na safari hii Mzee Rugema atakaa mezani."

"Na mashitaka?" aliuliza Bénédicte. "Mlalamikaji ni wewe, Papa Venant."

"Mashitaka gani?" Venant alishangaa kabisa. "Ngombe haiko hapa?"

Inspekta alifunga faili. Mlalamikaji hana lalamiko, mtuhumiwa amekiri, mali imejirudisha kwa miguu yake. Mkuu wake angemuuliza maswali Jumatatu, na alijua asingekuwa na jibu la kumridhisha. Hakujali. Alikuwa amefurahi, tena amefurahi sana.

Lakini Venant hakuwa amemaliza. Kofia ilikuwa bado mkononi. Alitembea hadi alipokuwa mwanawe, na kila mtu uani aliona miguu yake ilivyokuwa mizito, kwa maana baba wa Sange haendi kwa mtoto; mtoto ndiye huenda kwa baba.

"Espoir," alisema. Alisema kwa sauti ya juu, sawasawa na ile aliyokuwa ameiandaa kwa laana, ili hata waliokuwa nje ya ua wasikie. "Nilikuita mwizi mbele ya bantu. Sikukuuliza. Nilisikia soko, nikaamini soko, nikaacha mutoto wangu. Weye haukuiba. Minye ni baba yako, na mbele ya hawa bantu bote nakuomba pardon."

Generose alilia upya, na safari hii hakuna aliyempa pole.

Espoir, aliyejua kupaza sauti kuliko waendesha pikipiki wote wa Uvira, hakuweza kusema. Alishika mikono ya baba yake kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa juu yake, akakaa hivyo.

"Papa," alisema mwishowe, "na minye iko na kosa. Ile bei nilikuwa nauliza ni ya mahari. Kuko mubinti ku Kamanyola. Anaitwa Chance. Nilikwenda kujisemea kwao bila weye."

Ukoo wote uliguna. Shangazi mmoja alipiga kofi paja lake. Venant alimwangalia mwanawe kwa muda, uso wake ukibadilika mara mbili tatu, hasira ikija na kukosa pa kukaa.

Kisha akavaa kofia yake na kumgeukia Rugema.

"Umesikia? Kesho haupande mulima. Weye na minye tuko na safari ya Kamanyola."